Nilivyoiziba Nyumba ya Mama Mkwe

Niliwahi kushtakiwa kwamba namloga mama mkwe wangu afe.

Na aliyenishtaki alikuwa anasema kweli.

Kabla hujanitukana kwenye komenti, tulia, soma mpaka mwisho.

Naitwa Kafula. Nakaribia miaka tisini na kwenye simu hii naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mkiona herufi imekosewa nyamazeni. Mambo haya yalitokea mwaka 1957, kijiji cha Kabuta, ufukweni mwa ziwa Mweru upande wa Nchelenge.

Mimi si mzaliwa wa hapa. Nilizaliwa ng'ambo, Kilwa. Kilwa ya Kongo, si ile ya baharini, msianze ubishi. Nilikuwa fundi wa kujenga kule Elisabethville. Fundi kweli kweli. Kuta zangu zilikuwa zimenyooka, hata mjusi alikuwa anateleza.

Nilivuka ziwa mara moja tu kwenda kununua samaki. Nikamwona Dorica. Samaki nikawasahau.

Sasa, Kabuta ukioa humbebi mke ukaondoka naye. Wewe ndiye unayehamia kwao. Unalima, unajenga, unakata kuni, mpaka wakwe waseme basi, huyu anafaa.

Na kuna sheria moja iliyozishinda zote.

Mama mkwe humwangalii.

Huongei naye. Huli naye. Nyumbani kwake huingii hata mguu. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayetoka njiani. Mnaishi hivyo mpaka siku wazee watakapopika na kukuita na kukuingiza rasmi ndani ya nyumba ya mkweo. Wengine walingoja miaka mitano.

Mama mkwe wangu alikuwa anaitwa Rosaria. Mjane, mwembamba, ana mwendo wa haraka. Ungemwona hapa, ukigeuka yuko kule. Siku moja niliruka na baiskeli nzima nikaingia kwenye matete kwa ajili yake.

Siku nyingine nilikuwa naoga ziwani, nikamwona anakuja na ndoo. Nikazama. Nilikaa chini mpaka masikio yakaanza kulia. Nilipotoa kichwa alikuwa bado yupo, amenipa mgongo, anachota pole pole.

Nikazama tena.

Jamani, mapenzi yana kazi. Lakini nilikuwa tayari kuzama hata mara kumi ili nikae na Dorica.

Basi, nyumba ya mama Rosaria ilikuwa ya udongo na nyasi kama nyumba zote za Kabuta. Na kama zote, kati ya ukuta na paa palikuwa na pengo, limezunguka nyumba nzima. Mkono unapita mpaka kwenye kiwiko.

Jicho langu la fundi likauma.

"Dorica," nikamwambia, "nyumba ya mama yako, fundi alikimbia mbele ya kumaliza?"

"Ilishaisha. Iko na miaka kumi."

"Na ile tundu yote kule juu?"

"Ndiyo vile tunajengaka."

"Awe, hapana! Mi niko fundi. Mama mukwe wa fundi hawezi kulala ku nyumba ya matundu. Mvua itaingia. Popo itaingia. Mwizi itaingia."

Dorica akaniita kwa "ba" ya heshima ya kwao. "Fanya vile unataka, ba Kafula. Ila mama asikukute pale."

Mungu si Athumani, mama Rosaria akaitwa msibani Chienge. Wiki mbili.

Nilifanya kazi kama mtu aliyelipwa. Nilichimba udongo wa kichuguu, nikaukanyaga, nikapanda ngazi, nikaziba lile pengo lote kuzunguka nyumba. Halafu nikapiga lipu. Mlango wa matete nikautupa, nikaweka wa mbao, umebana kwenye fremu hata wembe haupiti. Nikamaliza na chokaa. Nyumba ikang'aa, mitumbwi ikawa inaiona kutoka mbali.

Kazi yote hiyo niliifanya nikiwa nje. Ndani sikuingia hata kuchungulia, maana sheria ni sheria.

Kumbukeni hapo.

Mama Rosaria aliporudi, mimi nilikuwa nimejificha kwenye shamba la mihogo. Nikamwona anaizunguka nyumba. Akapapasa ukuta. Akafungua mlango, akafunga, akafungua. Halafu akainua kichwa, akatazama pale juu palipokuwa na pengo.

Alitazama kwa muda mrefu. Mimi nikasema moyoni, anashangaa ufundi.

Kisha akapiga magoti pale mlangoni, akapiga makofi ya kushukuru, ameelekea kwenye mihogo. Kumbe alikuwa amekwisha kuniona.

Jioni Dorica akaja na salamu. "Mama anasema asanti sana, sana. Anasema hajaona nyumba ya vile tangu azaliwe."

Kichwa kikavimba. Watu wakaja hata kutoka Kashikishi kuangalia nyumba ya mama mkwe wa Kafula. Mimi nikawa napita pale mara kumi kwa siku bila sababu.

Halafu mvua zikaanza.

Hapa niwaeleze jambo ambalo mimi, nisiyeingia ndani, nilikuwa sijaliona kwa macho. Mama Rosaria alikuwa anakausha samaki kwa moshi, anawauzia wachuuzi wa Kongo. Kiangazi anakausha nje. Mvua zikianza, uchanja wake wa samaki unaingia ndani ya nyumba, na moto wake chini. Yeye analala upande huu, samaki upande ule. Wanawake wote wa Kabuta walifanya hivyo, mama zao pia, na hakuna aliyekufa.

Wiki ya pili ya mvua, mama mkwe akaanza kukohoa.

Si kikohozi cha mchezo. Kilikuwa kinaanzia mbali, kinapanda, kinafika, halafu kinaanza upya. Macho yakawa mekundu. Machozi yanamtoka asubuhi mpaka jioni bila msiba. Kichwa kinamgonga. Akawa anatembea ameshika ukuta, yule mama wa mwendo wa haraka.

Dorica akimuuliza, jibu ni lile lile: "Mafua tu, mwana."

Mimi roho iliniuma. Kumsalimia siwezi, kumpa pole siwezi. Nifanye nini? Nikaonyesha upendo kwa njia ninayoijua. Kila asubuhi nilimwachia mzigo wa kuni mlangoni. Zilikuwa mbichi, maana mvua ilikuwa hainyamazi, lakini nilimwachia nyingi.

Kikohozi kikazidi.

Nikaona panya ametoboa tundu dogo chini ya ukuta. Nikasema baridi inapita hapa, masikini mama wa watu. Nikaliziba.

Kikohozi kikazidi tena.

Aliyekuwa na akili katika ukoo ule alikuwa kuku. Mama Rosaria alikuwa na kuku jike mweupe, jina lake Madame, miaka yote analala ndani. Wiki ile Madame akakataa kuingia. Ukimwingiza anatoka mbio. Akahamia juu ya paa, ananyeshewa na mvua, na hashuki.

Watu wakaona hiyo ni dalili. Kuku haikimbii nyumba bure. Ndani mna kitu.

Ndipo akaja Mubanga.

Mubanga alikuwa kaka mkubwa wa mama Rosaria. Na kule mjomba ndiye mwenye ukoo, akisema imesemwa. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezoea kuita mitumbwi katikati ya ziwa. Alinikuta nanoa shoka.

"Kafula."

"Mukwai," nikaitika, yaani bwana mkubwa.

"Mbele ya weye kukuya hapa, dada yangu alikuwa anakohoa?"

"Hapana, mukwai."

"Mbele ya weye kugusa nyumba yake, alikuwa anatoka machozi?"

"Hapana, mukwai."

"Kuku yake ilikuwa inalala ku paa?"

Nikaweka shoka chini.

"Mutu ya ng'ambo," akasema, "unamukula dada yangu pole pole. Ulitia nini mu ule udongo?"

"Ba Mubanga, mi sikutia kitu! Ni udongo tu na maji!"

"Siku ya tano Chabu atakuya. Chabu atasema. Akisema ni weye, unapanda bwato saa ile ile. Na Dorica anabaki."

Jamani.

Dorica wakati huo alikuwa na mimba ya miezi mitano. Kabuta mtoto ni wa ukoo wa mama. Nikipandishwa mtumbwi ule, nimepoteza mke na mtoto kwa mpigo mmoja. Chabu alikuwa mganga mkubwa ufukwe wote ule, na sikuwahi kusikia kwamba Chabu ameitwa akakosa mtu wa kumtaja.

Siku tano zile sikula. Nilimwambia Dorica, "Mi sikumuloga mama yako."

"Najua."

"Unajua namna gani?"

"Weye hata mutego ya panya unasahauka kutega. Utaweza kuloga mutu?"

Nilifarijika na nikaumia kwa wakati mmoja.

Siku ikafika. Saa sita mchana, mvua imekatika muda huo huo, watu wamejaa. Wengine walitoka kanisani moja kwa moja na vitabu vya nyimbo mkononi. Mimi nikakalishwa kwenye mkeka nje, nimeipa mgongo nyumba, kwa sababu mgonjwa ni mama mkwe na simwangalii hata siku ya kuhukumiwa.

Chabu alikuja na pembe lake, kengele zake mguuni, na ngozi begani. Akaizunguka nyumba. Akanusa.

"Mulozi iko karibu," akasema. Kila mtu akanitazama, na mimi nikajitazama.

"Tutaingia ndani," Chabu akaendelea. "Miye, mugonjwa, na ba Mubanga. Tutafunga mulango. Moto uwake ya nguvu. Mizimu haipende baridi. Mutu asifungue mpaka miye niseme."

Wakaingia. Mlango ukafungwa. Nilisikia ulivyobana, pwaa! Kwa kweli ulikuwa mlango mzuri.

Kengele zikaanza kulia. Chabu akaimba. Mubanga akaitikia.

Kidogo, Chabu akakohoa.

Akaimba tena. Akakohoa. Mubanga akaitikia kwa kikohozi. Mama Rosaria naye akajibu. Wakawa watatu, wanapokezana, kengele zinalia katikati.

"Mama yangu! Mizimu imefika," mwanamke mmoja akasema.

Halafu sauti ya Chabu ikapanda, nyembamba, si yake kabisa: "Fungua!"

Watu wakapiga makofi.

"Fungua mulango! Nakufa! Nakufa miye!"

"Musikie," mzee mmoja akanong'ona. "Ni muzimu wa marehemu bwana ya Rosaria iko inasema kupitia kinywa ya Chabu."

Wanawake wakapiga vigelegele. Ndani wanagonga, nje wanajibu kwa makofi. Kadiri Chabu alivyolia ndivyo watu walivyofurahi, wanaona leo kazi imekolea.

Lakini mimi nilisikia kitu ambacho wao hawakusikia. Nilisikia mbao zangu.

Zilikuwa zinatetemeka na hazifunguki. Mvua ya mwezi mzima ilikuwa imezivimbisha, na mimi niliuweka ule mlango bila nafasi hata ya wembe. Umekwama.

Nikageuka. Sheria nikaisahau. Nikatazama nyumba.

Nyumba nyingine zote za Kabuta zilikuwa zinatoa moshi pale juu, kati ya ukuta na paa, pole pole, kama siku zote. Ya mama mkwe haikutoa hata uzi mmoja. Ilikuwa nyeupe, safi, imefumba mdomo.

Nikakumbuka lile pengo nililoliziba.

Mwezi mzima moshi wote ule ulikuwa unakwenda wapi?

"Ba Kafula!" Dorica akapiga kelele. "Mama iko mule!"

Nilikwapua shoka kwenye rundo la kuni. Mzee mmoja akanishika, "Mukwe haingie mule!" Nikamsukuma. Mapigo matatu, mlango wangu mzuri ukalala chini.

Moshi uliotoka pale, hata Madame juu ya paa aliruka.

Sasa sikilizeni ujinga wa mtu aliyelelewa vizuri. Nyumba imejaa moshi, watu wanakufa, na mimi nikaingia nimefumba macho. Kwa nini? Nisimwone mama mkwe.

Nikapapasa. Nikashika mtu, nikamvuta nje. Watu wakashangilia. Nikafumbua jicho moja. Chabu, amekumbatia pembe lake, kamasi mpaka kidevuni.

Nikarudi. Nikapapasa, nikashika kitu kizito, nikakivuta kwa nguvu zote mpaka nje.

Kapu la samaki.

Nikarudi. Nikamtoa Mubanga, anatambaa, ile sauti ya kuita mitumbwi imekwisha kabisa.

Mara ya nne nikafumbua macho. Basi, liwalo na liwe. Mama mkwe alikuwa amelala kifudifudi karibu na moto, mdomo kwenye nyufa za sakafu, anatafuta hewa. Nilimbeba mgongoni nikatoka naye.

Hakuna aliyewahi kuona mkwe amembeba mama mkwe mgongoni kama mtoto. Bibi mmoja akafunika uso kwa kitabu cha nyimbo.

Nilimlaza kwenye mkeka. Dorica akammwagia maji. Nikalia, nisiwafiche, nililia mbele ya watu nikiomba Mungu asimchukue.

Mama Rosaria akakohoa. Akafumbua macho. Akanitazama usoni, mara ya kwanza tangu nimwoe mwanawe, akasema neno la kwanza aliloniambia maishani:

"Mukwe. Nyumba yako ni muzuri sana. Ila inaniua."

Mubanga akainuka kwa kiwiko. "Dada. Ulijua?"

"Siku ya kwanza. Siku nilirudia kutoka Chienge, nilitazama kule juu, nikajua."

"Na ukanyamaza? Mwezi muzima?"

"Ningesema na nani, kaka yangu? Yeye, haiwezekane niseme naye. Nikisema na Dorica, atamufikishia bwana yake, na bwana yake atasikia haya." Akakohoa, akapumzika. "Mutoto wa watu alipanda ngazi juma mbili kwa ajili yangu. Nimuambie kazi yako ni mubaya, bomoa? Mi siko mutu wa kukosa heshima."

Nilikosa pa kuficha uso. Mama huyu alikuwa anakufa kwa sababu hakutaka kunivunja moyo. Na mimi nilikuwa namuua kwa sababu nilitaka anipende. Katikati yetu kulikuwa na ukuta wa adabu, na ukuta huo pia haukuwa na tundu.

Chabu alikuwa amekwisha kujifuta kamasi. Akasimama, akarekebisha ngozi yake.

"Mizimu ilisema ni mukwe," akatangaza. "Ni uongo?"

Akadai kuku wake wa kazi, akapewa. Si Madame, Madame alikuwa juu ya mti.

Mubanga akanigeukia. Nikajua sasa ndiyo mtumbwi.

"Kafula," akasema kwa ile sauti iliyobaki. "Chukua shoka."

"Mukwai?"

"Bomoa kule juu. Yote. Na ukishamaliza, utamujengea dada yangu kibanda cha samaki, mbali na pahali analala. Kisikuwe na ukuta hata moja. Unasikia? Fundi weye."

Nilipanda ngazi, nikabomoa. Udongo ulipoanguka kipande cha kwanza, moshi ukatoka pale juu, na ndani ukaonekana mwanga. Jioni ile Madame akashuka, akachungulia mlangoni, akaingia. Hapo ndipo kijiji kizima kilipoamini.

Na ile sheria? Wazee walikaa, wakakuna vichwa. Mtu amekwisha kumbeba mkwe mgongoni, utamkataza nini tena? Jumapili iliyofuata wakapika, wakaniingiza rasmi. Wenzangu walingoja miaka mitano. Mimi niliingia kwa mwaka mmoja, kupitia mlango niliouvunja mwenyewe.

Mama Rosaria aliishi miaka mingi baada ya hapo. Macho yalipona. Kikohozi kilipungua, ila hakikuisha chote, kila baridi kilikuwa kinarudi kunisalimia. Kila nikikisikia nilikuwa najua ni kazi ya mikono yangu.

Mnadhani nilijifunza?

Mwaka huu, mwezi wa sita, mkwe wangu Patson, mume wa yule mtoto aliyekuwa tumboni, amenijengea chumba Nchelenge. Madirisha ya kioo, dari, mlango wa chuma. Baridi ikaja. Akaniwekea mbaula, jiko la makaa, ndani, akafunga kila kitu, akasema, "Lala salama, tata," yaani baba.

Asubuhi naamka kichwa kinanigonga. Kesho yake hivyo hivyo. Nikikaa, chumba kinazunguka.

Binti yangu akaniuliza, "Tata, una nini?"

Nikajibu, "Mafua tu."

Wiki tatu! Mimi! Kafula niliyevunja mlango kwa shoka! Nilimwonea haya Patson, maana kile chumba alikitolea jasho.

Jana usiku nikiwa macho, nikamkumbuka yule mama amelala kifudifudi, mdomo kwenye nyufa. Asubuhi nimemwita Patson, nimemkalisha, nimemwambia: "Mukwe, nyumba yako ni muzuri sana. Toa ile mbaula nje, na dirisha hii ifunguke."

Alicheka, halafu akaona sicheki. Sasa hivi ninavyoandika, yuko juu ya ngazi anatoboa ukuta, na hajakasirika hata kidogo.

Moto ukiwaka ndani, moshi uachie njia, na makaa usilale nayo hata kama huyaoni yakifuka. Na kama nyumba inakuumiza, mwambie aliyeijenga, hata kama ni mkweo. Atasikia haya siku moja, halafu atatafuta ngazi.